Hesabu ya Marehemu Asiye na Hati ya Mshahara

Tuseme ndugu wawili mapacha, wa umri wa miaka 34, walifariki mwaka 2023 ndani ya matatu moja karibu na Salama, kwenye Barabara ya Mombasa. Wote wawili walikuwa vibarua wa mjengo. Kila mmoja ameacha mke na watoto watatu, na hakuna kati yao aliyewahi kushika hati ya mshahara. Wanatofautiana kwa jambo moja tu: mmoja alikuwa akifanya kazi Nairobi, mwenziwe alibaki nyumbani Mtito Andei. Familia zikienda kortini na hakimu akifuata desturi ilivyo, mjane wa Nairobi ataandikiwa shilingi 2,432,264 kwa kupoteza tegemeo. Wa Mtito Andei ataandikiwa 1,297,584.

Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu ni ile ile inayopigwa kila wiki katika mahakama za mahakimu nchini Kenya, ambako barabara huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Na ukiupitia hutamkuta wa kulaumiwa. Hakimu hakupendelea upande wowote, wala mawakili hawakulala. Pengo la zaidi ya milioni moja kati ya mapacha limetokana na tangazo la serikali ambalo halikuandikwa kwa ajili ya wafu hata kidogo, yaani amri ya kima cha chini cha mshahara.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua mapato ya marehemu kwa mwaka baada ya kodi. Zidisha kwa idadi ya miaka ambayo familia ingeendelea kumtegemea. Kisha toa sehemu aliyokuwa akiitumia mwenyewe, ubaki na ile iliyokuwa ikiwafikia wategemezi. Katika miaka ya 1950 korti za Afrika Mashariki ziliieleza njia hiyo kwa sentensi chache, na mawakili wa leo bado wanazinakili karibu neno kwa neno. Kwa mapacha wetu: mshahara wa mwezi mara 12, mara miaka 20, mara theluthi mbili. Ukipenda njia ya mkato, zidisha mshahara wa mwezi kwa 160.

Ugumu uko kwenye namba zinazoingizwa. Kila moja ni uamuzi wa mtu, ingawa kwenye hukumu husomeka kama jambo lililopimwa kwa rula.

Tuanze na mapato, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa kabla ya kuamuliwa. Mwenye ajira rasmi hana shida: hati za mshahara zinawekwa mezani, kodi inakatwa, kazi imekwisha. Lakini Wakenya wengi hawaishi hivyo. Mwendesha boda, mama mboga, mvuvi, fundi wa mjengo, mkulima wa ekari mbili, hawa wanapata riziki bila karatasi. Mahakama ya Rufaa ililiona hilo mwaka 2005, ikasema kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato, na kwamba kudai karatasi kwa kila mtu kungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma na wasioweka kumbukumbu. Uamuzi mzuri. Hata hivyo, kinachotokea mara nyingi ni kwamba mjane anasimama kizimbani na kusema mumewe alikuwa akipata elfu 30 kwa mwezi, wakili wa bima anamuuliza una nini cha kuonyesha, anasema sina, na hakimu anaandika kwamba mapato hayakuthibitishwa na hivyo atatumia kima cha chini.

Sasa fungua amri yenyewe. Jedwali lake limegawa nchi katika mafungu matatu. La kwanza ni majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. La pili ni zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. La tatu ni kwingine kote. Katika amri ya mwaka 2022, kibarua wa kawaida alistahili 15,201.65 kwa mwezi katika fungu la kwanza na 8,109.90 katika la tatu. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi ana amri yake tofauti, na huyo alistahili 7,544.66.

Serikali ilikuwa na sababu ya kugawa hivyo. Kodi ya chumba Nairobi si ya Mtito Andei, na amri inamlinda mfanyakazi aliye hai asilipwe chini ya kiwango ambacho hawezi kuishi nacho mahali alipo. Ni sakafu, tena sakafu ambayo mwajiri yuko huru kuipita. Korti inapoichukua kuwa kipimo cha mapato ya mtu aliyekufa, inaigeuza kuwa dari. Hakuna kibarua wa mjengo Mtito Andei ambaye korti imethibitisha kwamba alipata 8,109.90. Kilichothibitishwa ni kwamba korti haikuambiwa alipata ngapi, na mambo hayo mawili hayafanani.

Kuna kasoro nyingine ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Ile theluthi mbili ilitumika kwa mapacha wote. Lakini ndugu wa Nairobi alikuwa analipa kodi ya chumba chake, nauli ya asubuhi na jioni, na chakula cha kibandani, wakati familia yake, kama zilivyo nyingi, iko kijijini. Huyo wa Mtito Andei alikuwa analala kwake, anakula na watoto wake, na anakunywa chai iliyopikwa kwa maziwa ya ng'ombe wake. Nani kati yao alikuwa akiifikishia familia sehemu kubwa zaidi ya pato lake? Bila shaka wa kijijini. Kwa hiyo hesabu inamhesabia wa jijini mshahara mkubwa kwa sababu maisha ya jijini ni ghali, halafu inasahau kuukata ughali huo huo inapofika kwenye uwiano. Jaji Aaron Ringera alionya juu ya jambo hili katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1988: hakuna sheria inayosema theluthi mbili ya mapato ndiyo iliyokuwa ikienda kwa familia, kiasi hicho ni suala la ushahidi katika kila kesi. Mawakili hunukuu onyo hilo, na ukurasa wa pili wanaomba theluthi mbili kwa aliyeoa na theluthi moja kwa asiyeoa.

Theluthi moja hiyo nayo ina mkasa wake. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawataja wanaofidiwa: mume au mke, wazazi na watoto, pamoja na babu na bibi, wajukuu, watoto wa kambo na wa kuasili. Ndugu hawamo. Mwaka 1846, Bunge la Uingereza lilipoitunga sheria ambayo yetu imezaliwa nayo, familia waliyoiwazia ilikuwa ya baba, mama na watoto. Kabla ya hapo, uamuzi wa mwaka 1808 katika kesi ya mke aliyeuawa na ajali ya gari la farasi ulikuwa umeamua kwamba kifo cha mtu hakiwezi kudaiwa fidia kabisa, kwa hiyo hata hiyo ilikuwa hatua. Sisi tuliirithi bila kuuliza kifungua mimba wa Kiafrika ana majukumu gani. Kijana wa miaka 26, hajaoa, analipa karo ya wadogo zake watatu na kumtumia mama yake pesa za dawa. Akifa, wadogo zake hawana dai. Mama ndiye anayedai, na korti inampa theluthi moja kana kwamba kijana huyo alikuwa akizila theluthi mbili zilizobaki peke yake. Katika nyumba nyingi ninazozijua mambo ni kinyume.

Tuje kwenye miaka. Kwa kawaida korti huanza na umri wa kustaafu wa 60, ule wa utumishi wa umma, hata kama marehemu alikuwa mkulima ambaye hakuna anayemstaafisha. Inatoa umri aliofia, kisha inapunguza kwa sababu mbili: huenda angekufa au kuugua mapema kwa lingine, na familia inapata leo kwa mkupuo pesa ambazo ingezipata kidogo kidogo. Mtu wa miaka 34 ana 26 hadi kustaafu. Hakimu mmoja atampa 20. Wa mahakama jirani atampa 25 kwa sababu wakili alimletea hukumu yenye 25, naye hana kosa, kwani hukumu hiyo ipo. Kwa pacha wa Nairobi kila mwaka mmoja wa nyongeza ni shilingi 121,613, hivyo miaka mitano ni 608,066. Hiyo inapatikana au inapotea kulingana na chumba ambacho faili lilipangiwa.

Sababu ya pili ya kupunguza ndiyo inayonisumbua. Kupunguza kwa ajili ya mkupuo ni hesabu ya riba: je, pesa hizi zikiwekwa mahali salama zitazaa kiasi gani baada ya kuondoa mfumuko wa bei? Uingereza wana majedwali ya Ogden, yaliyotengenezwa na wataalamu wa hesabu za bima, na kiwango cha riba hutangazwa na serikali na kubadilishwa hali ya uchumi inapobadilika. Mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 2.5 hadi chini ya sifuri, na makampuni ya bima yakapiga mayowe. Kwetu hakuna anayetamka kiwango chochote. Korti inasema miaka 26, inataja mashaka ya maisha, inaandika 20. Sita imekwenda wapi? Mingapi ni ya mashaka na mingapi ya riba? Hukumu haisemi, kwa hiyo hata wa kukata rufaa hajui apinge nini.

India waliona ghasia kama hii wakaimaliza. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliweka jedwali: 18 kwa aliyekufa akiwa na miaka 15 hadi 25, 17 hadi 30, 16 hadi 35, na kushuka hivyo hivyo hadi 5. Uwiano pia ukapangwa kwa idadi ya wategemezi, hivyo mwenye wategemezi sita hakatwi sawa na mwenye wawili. Mwaka 2017 ikasawazisha nyongeza ya matarajio ya mapato, kwa kuwa kijana wa miaka 30 hangebaki na mshahara ule ule hadi uzeeni. Jedwali la India likiletwa Kenya jinsi lilivyo, mapacha wetu watapata miaka pungufu, 16 badala ya 20. Sipendekezi tulinakili. Ninalosema ni kwamba miaka iliyo michache lakini inayojulikana, pamoja na nyongeza ya mapato, huenda ikamfaa mjane kuliko bahati nasibu, na kesi nyingi zingemalizika kwa maelewano kabla ya kufika kortini. Ukijua utapata ngapi, huna haja ya kugombana miaka mitano.

Wanaopinga jedwali hutumia maneno ya Jaji huyo huyo Ringera, kwamba njia ya kuzidisha si sheria wala si msahafu, ni njia tu, na pale ambapo ushahidi hauifai iachwe. Ni kweli, na ndiyo sababu korti nyingi sasa, marehemu akiwa hana mapato yaliyothibitishwa, hutoa kiasi kimoja cha jumla bila kuzidisha chochote. Kwa watoto hakuna njia nyingine. Katika kesi ya Kenya Breweries ya mwaka 1991, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba wazazi wa Kiafrika na wa Kiasia hutarajia mtoto awatunze uzeeni, kwa hiyo kifo chake ni hasara hata kabla hajaanza kuleta chochote nyumbani. Sawa. Lakini kiasi cha jumla kinapotumika kwa mtu mzima aliyekuwa na kazi, huwa ni jina la heshima la kubahatisha. Korti iliyokosa ushahidi wa mapato haipati hekima mpya kwa kuacha kuonyesha hesabu zake.

Mke wa nyumbani yuko katikati ya mambo haya. Alipika, alichota maji, alilea, alilima, na hakuna aliyemlipa. Baadhi ya majaji humtafutia kima cha chini, na hapo amri ya mishahara inatoa kichekesho kichungu, kwani katika fungu la kibarua wa kawaida imewaweka pamoja mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Mama aliyekuwa watu watatu kati ya hao kwa siku moja huhesabiwa kuwa mmoja.

Kuhusu fidia inayoingia kwenye mirathi chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, sitakaa sana. Kwa kufupishiwa maisha korti hutoa shilingi 100,000 kwa desturi, awe ni mtoto au mzee. Kwa maumivu kabla ya kifo ni kati ya 10,000 na 100,000, kutegemea kama alikufa papo hapo au baada ya siku hospitalini. Waingereza walioibuni hiyo ya kufupishiwa maisha waliifuta mwaka 1982. Kwa miaka mingi mawakili wa bima walikuwa wakidai fidia hii ya mirathi ikatwe yote kutoka kwa fidia ya wategemezi, wakitegemea uamuzi wa kesi ya Kemfro ya miaka ya 1980, hadi Mahakama ya Rufaa ilipofafanua mwaka 2015 kwamba korti inatakiwa kuizingatia tu ili familia isilipwe mara mbili, haitakiwi kuikata kwa lazima. Bado utaona mahakimu wakikata. Huzuni, kwa taarifa yako, hailipwi chochote.

Kisha kuna muda, ambao ni mshirika mkubwa wa bima kuliko wakili yeyote. Familia ina miaka mitatu tangu kifo kufungua kesi. Kabla ya hapo inahitaji cheti cha kifo, taarifa ya polisi ya ajali, rekodi ya mwenye gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, barua ya chifu inayotaja wategemezi, na idhini ya korti ya kusimamia mirathi ya marehemu kwa ajili ya kesi. Kesi yenyewe inaahirishwa. Kwa kawaida kima cha chini kinachotumika ni cha tarehe ya kifo, na riba juu ya fidia ya utegemezi huanza kuhesabiwa siku ya hukumu. Chukua aliyekufa Nairobi mwishoni mwa 2018, kima kikiwa 13,572.90, hukumu ikatoka mwishoni mwa 2024, kima kikiwa kimefika 16,113.75. Kwa hesabu ya 160, tofauti ni shilingi 406,536 ambazo hazikulipwa na yeyote. Gharama za mazishi, ambazo ni senti chache tu ukilinganisha, hupata riba tangu kesi ilipofunguliwa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinampa hakimu uhuru wa kuagiza riba ianze mapema. Uhuru huo umelala, kwa kuwa desturi imeuzoea usingizi wake, na mawakili wa wajane hawauombi.

Na hukumu si pesa. Bima ya lazima ya gari inawajibika hadi shilingi milioni 3 kwa kila aliyeumizwa au kuuawa. Kwa mapacha wetu inatosha. Lakini kwa mhandisi wa miaka 34 aliyekuwa akipeleka nyumbani 150,000 baada ya kodi, hesabu ile ile inatoa milioni 24, na milioni 21 zinadaiwa kutoka kwa mwenye matatu ambaye mara nyingi mali yake ni matatu hiyo iliyobondeka. Pia kampuni ya bima inaweza kuanguka. United ilipowekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, waliokuwa na hukumu mkononi walijiunga na foleni ya wadai.

Kwa anayejiandaa kwenda kortini leo, pa kuanzia ni mapato, kwa sababu hayo ndiyo yanayozidishwa. Taarifa ya M-Pesa ya marehemu ya miezi 12 inafanya kazi mbili: upande mmoja inaonyesha kilichoingia, upande wa pili inaonyesha kilichotumwa kwa mke, kwa mama na kwa shule. Hapo mapato na uwiano vyote vimeshathibitishwa, na ile theluthi ya mazoea inakosa pa kukaa. Mnyapara aliyekuwa akimlipa kibarua kila Jumamosi aje na daftari lake, au aje tu aseme. Mwenye boda alete rekodi za sacco. Mwenye ng'ombe alete kadi ya kupeleka maziwa. Kima cha chini kiwe kimbilio la aliyekosa vyote.

Na hukumu ikishatoka, isomwe hadi mwisho. Kifungu cha 4 cha Sura ya 32 kinaitaka korti igawe fidia kati ya wategemezi kwa mafungu itakayoyataja yenyewe. Mahakimu wengi huandika jumla moja na kumpa msimamizi wa mirathi, ambaye huenda ni shemeji au baba mkwe. Wakili wa mjane aombe mgawo uandikwe ndani ya hukumu kwa jina la kila mtoto, na fungu la aliye chini ya miaka 18 liwekwe kwenye akaunti isiyofunguliwa bila amri ya korti.